Dakika Tano kwa Kila Panya

Watu wa Katubuka waliniita shangazi wa panya, na sikuwakatalia. Miaka ile ya wakimbizi kila mtu alikuwa na jina la kupachikwa, na langu halikuwa baya kuliko mengine. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja hapo mtaani, na kila asubuhi nilitembea mpaka kwenye jengo moja kuukuu kando ya barabara ya Ujiji, ambamo daktari mmoja mwanamke alikuwa akifuga panya weupe ishirini na wanne. Mimi ndiye niliyewalisha, niliyebadilisha maranda kwenye vizimba, niliyepima na kuandika. Kabla ya hapo, kwetu Burundi, nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Kazi hizo mbili hazikutofautiana sana, ila panya hawana tabia ya kusingizia kwamba wamesahau daftari nyumbani.

Daktari alikuwa anajaribu dawa iitwayo kanabidioli. Inatolewa kwenye mmea wa bangi, lakini yenyewe hailevyi. Kinacholevya ni kitu kingine kilichomo humohumo. Nchi nyingine walikuwa wanaijaribu kwa wanyama, waone kama inaweza kuinua moyo uliozama na kulinda kumbukumbu. Yeye alikuwa amewahi kufanya kazi kambini, akakutana na watu ambao hawakuwa na homa wala kidonda, lakini walikuwa wameacha kupenda kitu chochote. Wengine walisahau saa nne walichoambiwa saa tatu.

"Kwenye kabati langu hapakuwa na dawa ya watu hao," aliniambia siku ya kwanza. "Sisemi kwamba hii ndiyo. Nataka tu kujua, na siwezi kuanza na watu."

Neno bangi lilitosha kuuvuruga mtaa. Wanawake wa bombani waliniuliza kama ni kweli tunawavutisha panya sigara kubwa. Siku moja akaja polisi mwenyewe, mtu mnene mwenye haya, akatazama kizimba kimoja baada ya kingine, kofia mkononi, kisha akauliza kama huwa wanacheka. Nikamwambia mimi sijawahi kuwachekesha. Akaandika kitu kwenye kijitabu chake na kuondoka.

Polisi nilikuwa nawaogopa, na si kwa ajili ya panya. Mkimbizi alitakiwa kukaa kambini. Mimi niliishi mjini kwa kibali, karatasi moja yenye muhuri, ya miezi mitatu mitatu, na kila ilipokaribia kwisha Daktari aliandika barua kwamba bado ananihitaji. Bila barua hiyo hakuna kibali, na bila kibali ningepakiwa kwenye lori nirudishwe kambini.

Kambi haikuwa jehanamu. Nilikuwa nimekaa huko mwaka mzima, nilikula, nililala chini ya turubai. Ila kambini hakuna Kibirizi. Kibirizi ndiko mitumbwi yenye injini inakofikia kutoka kaskazini, kutoka Mwamgongo na ng'ambo ya mpaka, ikiwa imebeba dagaa, mafuta ya mawese, watu na habari. Mume wangu na wanangu wawili tulipotezana usiku tuliokimbia. Yeye alishika njia ya ziwani na watoto, mimi nikaenda kumchukua mama yangu, ambaye sikumkuta. Tangu hapo sikuwa mjane na sikuwa na mume. Kila Jumapili nilishuka Kibirizi, nikasimama mchangani, nikatazama kila mtu aliyeruka majini akiwa ameshika viatu mkononi. Niliwauliza wenye mitumbwi mpaka wakanichoka. Kwa hiyo nikisema kwamba nilikipenda kibali changu, namaanisha hivyo.

Langoni pa jengo letu alikaa mlinzi, mzee wa Kiha kutoka Ujiji, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba kama chachi. Kiha chake na Kirundi changu vilielewana bila mkalimani.

"Mwakeye, mwalimu," alikuwa akinisalimia kila asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wageni wako wameamkaje? Wameshajifunza Kiswahili au bado wanaongea cha kwao?"

"Bado mzee, wagumu kama mimi."

Akicheka, meno yake matatu ya mbele yalionekana yote. Basi siku ikawa imeanza. Kusema kweli, siku nyingi maneno hayo yalikuwa ndiyo mazungumzo yangu yote mpaka jioni, maana Daktari alikuwa mtu wa kuandika, si wa kuongea.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Huwezi kujaribu dawa ya homa kwa mtu asiye na homa, na vilevile huwezi kujaribu dawa ya moyo uliozama kwa panya aliye na furaha zake. Panya ni mnyama wa kukaa na wenzake. Wanalala wamelaliana, wanachambuana manyoya, wanagombana na kupatana. Ukitaka moyo wake uzame huna haja ya kumpiga. Mweke peke yake. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kizimba chake, na kati ya kizimba na kizimba Daktari alisimamisha kipande cha boksi ili wasionane. Wangekaa hivyo wiki nne. Baada ya hapo kumi na wawili wangepewa matone juu ya chakula, kutoka kwenye chupa yenye utepe mwekundu, na kumi na wawili kutoka kwenye chupa yenye utepe wa bluu. Moja ilikuwa na kanabidioli ndani ya mafuta ya ufuta, nyingine mafuta matupu. Ipi ni ipi, hakuniambia, ili mkono wangu usipendelee.

Kujua kama moyo umezama, tulitumia sukari. Kila kizimba kilikuwa na chupa mbili, moja ya maji matupu na moja ya maji ya sukari. Panya mwenye moyo wake hufuata sukari kama mtoto yeyote. Aliyezama hunywa popote, ilimradi kiu iishe. Kila siku saa kumi kamili nilizipima chupa zote kwenye mizani na kuandika. Kumbukumbu tuliipima kwa njia nyingine: unampa panya vitu viwili vinavyofanana, tuseme vijiti viwili vya mbao, anavinusa mpaka anavizoea. Kesho yake unaondoa kijiti kimoja na kuweka kizibo cha chupa. Anayekumbuka atakipita cha jana na kwenda kunusa kigeni. Asiyekumbuka hunusa vyote viwili sawasawa, kana kwamba jana haikuwapo.

Sheria ilikuwa moja. Nisiwashike isipokuwa Jumatatu, siku ya kuwapima uzito. Nisiongee nao, nisikae kwenye chumba chao bila kazi. "Nikisema peke yao, ni peke yao kabisa," alisema Daktari. Nilimwelewa vizuri sana, na siwezi kujisingizia ujinga.

Wiki ya pili, Jumapili moja kule Kibirizi, niliona mgongo. Mwanamume alikuwa anashuka kwenye mtumbwi na furushi begani, akitembea kwa kuvuta mguu wa kushoto kidogo, kama alivyokuwa anatembea mume wangu tangu alipoanguka na baiskeli. Nikaita. Nikaita kwa sauti iliyowageuza watu wote wa pale, naye akageuka. Alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye ndevu, mwenye macho ya upole. Akaniambia pole, mama. Nikaondoka pale kwa haraka kama mtu aliyeiba.

Jumatatu asubuhi yule mzee wa langoni alinitazama usoni na hakusema mwakeye. Aliinuka, akasogeza kigoda chake, akanionyesha nikae, naye akakaa chini kwenye kipande cha mkeka. Hakuuliza kitu. Alikuwa na tasbihi mkononi na akaendelea nayo polepole. Tulikaa hivyo mpaka jua likatufikia miguuni, na panya wakachelewa chakula chao.

Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Watu wanakuja na kukaa, na si lazima mtu aseme neno. Hata mfiwa akienda uani kuna mtu anafuata kwa mbali na kukohoa, ili ajue kwamba yupo. Siku zikitimia ndipo wanamwacha arudi shambani. Mimi hakuna aliyekuja kukaa nami, kwa sababu hakukuwa na maiti. Mtu ambaye hajui kama amefiwa, watu wanamwonea aibu, hawajui wampe pole au wamwambie avumilie. Ndiyo maana sikuwahi kukaliwa na mtu mpaka siku ile langoni.

Jioni ileile, nilipokuwa napima chupa, nilimkuta mmoja ameelekeza uso kwenye kona. Alikuwa na sikio lililochanika. Sukari yake ilikuwa haijaguswa. Manyoya yake yalikuwa yamesimama ovyo, maana panya aliyekata tamaa huacha hata kujilamba. Kwa kazi yetu hiyo ilikuwa habari njema: alikuwa ameanza kuzama, kama ilivyopangwa. Nikaandika namba yake. Nikafunga daftari. Kisha nikafungua kizimba, nikamtoa, nikamweka kwenye kanga mapajani, nikakaa naye.

Alitetemeka, halafu akaacha. Baada ya muda akaanza kujilamba mikono.

Kama ningeishia hapo, mambo yasingeharibika sana. Lakini mimi nimefundisha watoto miaka tisa, na kitu ninachochukia kuliko vyote ni mwalimu mwenye kipenzi. Nilipomrudisha yule wa sikio nilitazama vile vizimba vingine ishirini na vitatu, nikaona haya. Kesho yake nikapanga ratiba. Dakika tano kwa kila panya, bila kuzidisha wala kupunguza. Ishirini na wanne kwa dakika tano ni saa mbili, kwa hiyo nilianza saa nane, Daktari akiwa ofisini kwake upande wa pili na milango miwili katikati, na saa kumi nilikuwa tayari mbele ya mizani. Sikuwaongelesha. Nilikaa nao tu, kama inavyotakiwa. Mzee aliniona siku moja kupitia dirishani, panya amejikunja kwenye kanga, akaenda zake.

Sitasema uongo. Nilikuwa nafanya vile kwa ajili yao na kwa ajili yangu pia. Zilikuwa saa mbili za siku ambazo nilikuwa na mtu.

Wiki nne zikaisha, matone yakaanza, wiki nyingine tatu zikaisha. Siku ya kujumlisha, Daktari alijifungia ofisini tangu asubuhi. Nilipompelekea chai nilimkuta ameshika kichwa.

"Kaa, mwalimu," akasema. "Angalia namba zako mwenyewe. Wekundu wanakunywa sukari, wa bluu wanakunywa sukari. Wekundu wanakumbuka, wa bluu wanakumbuka. Hakuna tofauti hata kidogo." Alirudisha kurasa nyuma. "Na siyo hilo tu. Wiki zote hizi peke yao, na hawakuwahi kuzama. Hapa mmoja alianza, halafu akarudi. Sijawahi kuona panya wa namna hii."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaandika ukweli ninaouona. Kwamba dawa haikuonyesha kitu." Akanywa chai, akajaribu kutabasamu. "Usiogope. Mwezi ujao naletewa dawa nyingine ya kujaribu. Utabaki na mimi, na barua yako nitaiandika."

Nilikwenda nyumbani nimeshika kibali moyoni kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaogopa mwenyewe atatokea. Hakuna aliyejua. Mzee asingesema. Ningenyamaza tu, Daktari angeandika kwamba ile dawa haifai, mambo yakaisha, na mimi ningeendelea kushuka Kibirizi kila Jumapili. Nililala na wazo hilo siku mbili na lilikuwa wazo zuri sana. Lakini kila nilipolipindua lilitoa sura ya mtu fulani kambini, mwanamke wa hema la jirani yangu, ambaye ungemwekea sahani mbele yake akaitazama kama ukuta. Vipi kama dawa ilikuwa inafaa, na aliyeizima ni mimi na kanga yangu?

Siku ya tatu nikaingia ofisini, nikasimama, nikasema yote.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. "Wote ishirini na wanne?" akauliza.

"Wote. Dakika tano tano."

"Kwa nini wote?"

"Sikutaka upendeleo, Daktari."

Hapo akapiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. "Upendeleo! Ungempendelea mmoja, mwalimu, mmoja tu! Ningekuwa na panya ishirini na watatu wazima!" Kisha akaanza kucheka, na katikati ya kucheka nikaona macho yamemjaa. Wiki saba za kazi yake, na zile barua alizokuwa ameandika kuomba hao panya, na safari yao ndefu kwa treni kutoka Dar, nilikuwa nimezimaliza kwa haki na usawa.

Aliniambia nitoke nje. Nilikaa kwa mzee langoni nikisubiri hukumu, nikiwa nimeshapanga kichwani nguo zipi nitafunga kwenye furushi. Daktari alipotoka alikuwa amenawa uso.

"Tunaanza upya," alisema. "Panya wapya. Na wewe ndiye utakayewaangalia, kwa sababu mtu anayekiri bila kuulizwa, namba zake naziamini. Lakini nisikilize. Ukimshika mmoja nje ya Jumatatu, ukikaa na mmoja hata dakika moja, siku hiyohiyo naandika barua ya kukurudisha kambini. Sitaki kufanya hivyo. Nitafanya."

"Nimeelewa."

"Utaweza?"

Nikafikiria mchanga wa Kibirizi. "Nitaweza," nikasema.

Wale wa kwanza waliuawa kwa dawa ya usingizi, wote siku moja, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo. Wapya walifika kwa treni, wakinuka mkojo na makaa, wakitikisa masharubu yao. Nikawaweka kila mmoja na kizimba chake, nikasimamisha maboksi.

Na kweli niliweza. Jambo hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu, kwamba halikuwa gumu kwa muda mrefu. Wiki ya kwanza nilifunga mikono nyuma kama askari. Wiki ya pili walipoanza kugeukia kwenye kona, nilitoka nje nikapumua, nikarudi, nikaandika. Wiki ya tatu sikuhitaji tena kutoka. Ningeweza kumtazama panya aliyeacha kujilamba, nikajua ni siku yake ya ngapi, nikahamia kizimba cha pili. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Wiki ya nne wote walikuwa wamezama. Matone yakaanza, na baada ya siku chache wale wa utepe mwekundu wakaanza kuinuka, mmoja leo, wawili kesho, wakaifuata sukari. Wale wa bluu walibaki palepale. Hata kabla Daktari hajasema, nilikuwa nimeshajua dawa iko kwenye chupa ipi, na nilifurahi kwa dhati. Nilimfikiria yule mwanamke na sahani yake.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili za kupima pale mke wa mzee alipofariki. Aliugua siku tatu tu. Mazishi yakapangwa Ujiji, saa kumi jioni.

Saa kumi ni saa ya chupa. Zingepimwa saa tisa au saa kumi na moja, siku hiyo isingehesabika. Ningeweza kumwomba Daktari anipimie. Sikumwomba. Niliogopa hata kutaja neno msiba mbele yake, asije akadhani nimeanza tena mambo yangu ya kukaa na watu. Nikatuma salamu za pole kupitia fundi seremala aliyetuletea maranda, nikajiambia kwamba mzee anajua hali yangu.

Alirudi kazini baada ya siku chache. Nilimkuta langoni asubuhi, kofia ileile, ndevu hazijanyolewa.

"Shikamoo, mzee. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa."

Nilisimama kidogo. Nilitegemea aniulize habari za wageni wangu, hakuuliza. Mkono wangu ulikuwa na ufunguo. Nikaingia ndani.

Siku ya pili ilikuwa vilevile. Siku ya tatu, nilipokuwa natoka jioni, niliona chai aliyoletewa na Daktari asubuhi bado ipo pembeni ya mguu wake, imeota utando, na andazi kando yake limegeuka gumu. Alikuwa ameelekea ukutani. Nami, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonipita kichwani kilikuwa hesabu: siku ya tatu hajagusa. Nilikiona chenyewe, kama ningekiona kwenye daftari. Nikamwambia mzee, kunywa chai baba. Akasema ndiyo, ndiyo. Nikaendelea na njia yangu, maana kibali kilinitaka niwe nyumbani kabla ya giza.

Njiani nilijitetea sana. Nilijiambia kukaa na mfiwa si jambo la dakika tano. Dakika tano kwa mtu ni dharau, hizo ni za panya. Anahitaji siku nzima, siku mbili, na mimi siku hizo sina mpaka kazi iishe. Kazi ingeisha Ijumaa ya wiki ile nyingine. Basi Jumamosi nitakwenda kwake Ujiji na mkeka wangu, nitakaa mpaka anifukuze. Huo ulikuwa mpango mzuri, na niliuamini. Kwa siku nane zilizofuata nilimsalimia asubuhi na kumuaga jioni, na katikati nilifanya kazi safi kabisa.

Hiyo Ijumaa langoni alikuwapo mtu mwingine, mlinzi mgeni mwenye redio. Nikamuuliza mzee yuko wapi.

"Kachukuliwa jana usiku na binti yake," akasema. "Wamekwenda Mwamgongo kwa mtumbwi. Alikuwa hali, halali. Kasema heri aende kwa binti, huku hana mtu."

"Kasema hivyo?"

"Ndivyo kasema. Wewe ndiye mwalimu?"

Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye redio yake, nikaingia. Ndani, nilipima chupa za mwisho saa kumi kamili.

Mwamgongo hakufikiki kwa miguu, na kibali changu hakikuruhusu safari ya mtumbwi. Niliulizia habari zake kwa wenye mitumbwi pale Kibirizi, kama nilivyoulizia za watu wangu, nikapata jibu lilelile, la kutikisa kichwa. Sikumwona tena.

Jumatatu Daktari aliniita ofisini. Alikuwa amenunua soda mbili na kuziweka kwenye beseni la maji zipoe, na alikuwa amevaa gauni la kutokea. Namba zilikuwa zimetengana vizuri mno. Wa bluu walikuwa wamezama na kusahau, wekundu wameinuka na kukumbuka, na kati yao pengo ambalo hata mtoto wa darasa langu la tatu angeliona. Alisema hao ni panya tu, na njia ya kufikia watu bado ni ndefu, na huenda isifike. Lakini alikuwa anang'aa. Aliniambia bila mimi kazi hii isingekuwapo. Tulikunywa soda. Nilikuwa na furaha yake na nilikuwa na uzito wangu, vyote viwili kwa wakati mmoja, na nilivinywa pamoja.

Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho na kushika kalamu.

"Swali moja, kwa sababu ya yale ya mwanzo. Lazima niliandike. Kwa wiki zote hizi, kuna yeyote uliyekaa naye?"

Aliuliza habari za panya. Mimi niliona ile chai yenye utando, na kofia iliyoelekea ukutani.

"Hakuna," nikasema. "Hakuna hata mmoja."

Akaliandika jibu langu kama nilivyolisema, akapiga mstari chini yake, kisha akavuta karatasi nyingine na kuniandikia barua ya kibali cha miezi mitatu.